Damu ya Achieng Haikuwa Dhaifu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilipomdanganya mama mmoja kwa maneno machache kisha nikaenda kunywa chai.

Nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ndogo hapa Kisumu. Kazi yetu ilikuwa kuotesha seli za damu. Daktari akitaka kuzitazama kromosomu za mtoto, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, hawezi kuziona katika seli iliyotulia. Ni lazima aikute seli ikiwa katikati ya kugawanyika, maana hapo ndipo kromosomu hujikunja zikaonekana. Basi tulitia damu kidogo kwenye chupa ya maji ya lishe, tukaongeza dawa ya kuziamsha seli, tukaiweka kwenye kabati la joto kwa siku tatu.

Mama huyo alitoka Pap Onditi na binti yake mchanga, Achieng. Mtoto alikuwa mlegevu na alinyonya kwa shida, na daktari alitaka kujua kama kromosomu zake ziko sawa.

Maji ya lishe yalipaswa kukaa kwenye friji. Mimi, kwa uvivu tu, nilikuwa nimeiacha chupa mezani karibu na dirisha kwa wiki kadhaa, na joto la Kisumu unalijua. Rangi haikubadilika, harufu haikubadilika, nikayatumia. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliona wanasema tu.

Siku ya nne nikatazama kwenye hadubini. Seli zilikuwepo, nyingi zikiwa hai, lakini sikuona hata moja inayogawanyika. Nje, yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi akingoja majibu. Nikamwendea.

"Mama, damu ya mtoto ni dhaifu. Imekataa kuota."

Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Mchana Mzee Okelo, mkuu wa maabara, alizitazama seli zile kwa muda mrefu.

"Chupa ya lishe ilikaa wapi?"

"Hapo mezani, Mzee."

"Tangu lini?"

"Wiki kadhaa, Mzee."

"Sukari bado imo," akasema. "Sukari ni kuni za seli. Lakini ndani ya chupa kulikuwa pia na glutamini, kitu ambacho seli hujengea, na hiyo joto huivunja polepole. Seli kabla ya kugawanyika hutengeneza nakala ya kromosomu zake zote, na huwezi kujenga nyumba kwa kuni peke yake. Kwa hivyo hupima kwanza. Ikiona vifaa havitoshi, inangoja. Hizi hazikukataa. Zilingoja chakula ambacho hukuzipa."

"Basi tuchukue damu nyingine, Mzee."

"Tutachukua. Na yule mama ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaivaa tena.

"Kesho utaenda kwake. Useme mbele ya watu wa nyumbani, kwa sababu huko ndiko maneno yako yamefika."

Yalikuwa yamefika kweli. Nilimkuta mama Achieng amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake alikuwa ameshaanza kuuliza ukoo wa kina mama Achieng una ugonjwa gani wa damu, na kaka wa mama Achieng alikuwa ameitwa aje amrudishe kwao. Nilisimama uani. Nikasema damu ya mtoto haina kosa, ni mimi niliyeharibu chakula cha seli, kisha nikadanganya.

Mama mkwe alinitazama, akaingia ndani. Mama Achieng ndiye aliyesema.

"Tangu jana, dada, hata uji haujapita kooni."

Jioni kaka yake alirudi kwao peke yake.

Damu ya pili tuliiotesha kwa lishe mpya, na seli zikagawanyika vizuri. Tulikuta kromosomu moja ya ziada, ndiyo iliyomfanya mtoto awe mlegevu. Haikuwa habari njema, lakini ilikuwa ya kweli, na kwa sababu hiyo daktari alipima moyo wa mtoto mapema na kumfundisha mama namna ya kumlisha. Achieng leo ni mwanamke mzima, anauza nyanya pamoja na mama yake. Nikipita hunichagulia zilizoiva sana, hata nikiomba ngumu.

Mwanangu, kitu chochote unachotaka kiongezeke, iwe seli, shamba au nyumba yako, kipe kwanza kinachokijenga, maana kuni haziwi matofali. Kikikwama, usikimbilie kukitukana. Chunguza ulichokipa. Na kosa likiwa lako, usimtwike mtu asiyeweza kukujibu. Mficha uchi hazai, na uongo wa dakika moja waweza kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kusema "ni mimi". Akupe pia mkuu wa kazi anayejua kukukemea bila kukuvunja.