Magoti ya Ma Klaudia

Ninanunua ndizi, na kazi hiyo imenifundisha kumtazama mtu anavyoinuka kabla ya kusikiliza anavyosema. Anayeruka kutoka kwenye kigoda ili nisiondoke, huyo ana haja ya kuuza. Anayebaki amekaa ndiye mgumu. Ma Klaudia, mjane wa Izigo mwenye kibanja cha migomba na kahawa, alikuwa mgumu kuliko wote. Nikitaja bei anacheka. "Renatha, hiyo bei ya maganda." Kisha anaubeba mkungu wake mwenyewe na kuurudisha ndani.

Ndiyo maana nilishtuka siku alipokubali bei yangu ya kwanza.

Alikuwa amekaa mlangoni. "Chukua," akasema, "chukua uende." Ndizi zilikuwa nzuri, na mtu hauzi ndizi nzuri kwa bei ya maganda isipokuwa anataka uondoke. Nikatazama mikono yake. Ilishikilia kingo za kigoda kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

"Ma, unaumwa?"

"Siumwi."

"Inuka basi uniage."

Akatazama kwanza njia ya kwenda kwa shemeji yake, kisha akafunua kitenge juu ya goti. "Funga mdomo wako, Renatha. Miguu imeniisha."

Mapaja yalikuwa yamenywea kama mgomba uliokwisha kukatwa mkungu.

Kwetu mwanamke huwasalimia wakubwa wa ukoo kwa kupiga magoti. Miezi michache nyuma alipiga magoti mbele ya Ta Kagaruki, kaka wa marehemu mumewe, na alipotaka kuinuka miguu ikakataa. Akajifanya anaokota kitu kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akatambaa hadi ukutani, akajivuta. Kagaruki aliona au hakuona, Ma Klaudia hajui. Tangu hapo akaacha jumuiya, akaacha misa, akaacha hata misiba, maana kote huko kuna wa kupigiwa magoti. Watu wakasema anaringa tangu binti yake Evelyne ajenge Kibeta, mjini. Akawaacha waseme. Kuringa hakumtoi mtu kwenye kibanja, udhaifu ndio unaomtoa. Kagaruki alishatamka kwenye kikao cha ukoo kwamba mjane asiyejiweza apelekwe mjini kwa bintiye, na kibanja akitunze Mushumbusi, mwana wa Kagaruki mwenyewe.

"Nikienda Kibeta sirudi," akaniambia. "Nitawekwa kwenye kochi mpaka nife."

Nilimpeleka Rubya hospitali kwenye gari langu la mizigo. Aliyeuliza njiani aliambiwa tunafuata bei ya kahawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja aitwaye Violeth, alimwambia akunje mikono kifuani na ainuke kwenye kiti. Hakuweza.

"Msuli unachoma chakula kama jiko," Violeth akasema, "na kila moto una masizi. Ukiwa kijana mwili unayasafisha. Ukizeeka usafi unalegea, masizi yanauharibu msuli kutoka ndani. Na usafi wenyewe unaamshwa na kazi. Ukikaa tu, msuli unaisha haraka. Unakula nini?"

"Ndizi."

"Na nini?"

"Na chai."

"Kuku anao," nikasema. "Mayai anauza."

"Na senene msimu wake?"

"Panzi hao ni wa wanaume," Ma Klaudia akajibu. "Mama yangu alikufa hajawaonja."

"Alikufa na miguu ya namna gani?"

Ma Klaudia akavuta kitenge kufunika magoti. Nikauliza kuhusu ule unga wa makopo unaouzwa sokoni, ati unasafisha uzee. "Unamnenepesha anayeuuza," Violeth akasema. "Huyu mpe maharage, dagaa, mayai, mchicha, matunda. Na kila siku akae na kuinuka, kidogo kidogo, mpaka afike chini na kurudi."

"Nikishuka nisipande?"

"Shukia kando ya kitanda. Lakini shuka."

Njiani tukapatana. Nitanunua kwa bei yake, ila kwanza ale yai nikimwona, na ainuke bila mikono. Sikuwa namhurumia. Mushumbusi hajui hata kupogolea mgomba, na mimi ningekosa mzigo mzuri.

Alifanyia mazoezi chumbani, mlango umefungwa. Nikiwa uani nilisikia kitanda kikilia, naye akiligombeza goti lake: "Panda, mbwa wewe!" Asubuhi moja sikusikia kitu. Nilimkuta chini, khanga kaibana kwa meno. Alikuwa ameanguka, na hakuita kwa sababu alimsikia Mushumbusi akipita njiani na panga lake, akipiga mluzi.

"Amepita?" akanong'ona. Nilipotaka kumnyanyua akanipiga mkono. Akageuka kwa tumbo, akashika mguu wa kitanda, akapanda mwenyewe.

Karibu na Krismasi Kagaruki akaja na Mushumbusi. Nilikuwa uani nachagua mikungu, nikasogea hadi mlangoni.

"Shemeji, kanisani hatukuoni," Kagaruki akasema akikaa. "Tumesikia hata kusalimia huwezi."

Ma Klaudia akaenda mbele yake, akashuka. Anayesalimia hainuki mpaka mkubwa amalize kuitikia, na Kagaruki alilijua hilo. Akauliza habari za mbuzi. Akauliza kahawa. Akauliza Evelyne, na mume wa Evelyne, na wazazi wa mume wa Evelyne. Ma Klaudia akajibu yote, na jasho likamtoka shingoni. Mushumbusi alikuwa akiipima sebule kwa macho.

"Haya," Kagaruki akasema mwishowe. "Inuka."

Mguu mmoja ukaja mbele, ukatetemeka. Mkono wake ukaanza kutafuta ukuta, naye akaurudisha kifuani. Nilibana miguu yangu nisiende. Ningemgusa tu, kibanja kingekuwa kimekwenda. Akabaki katikati, si chini si juu, muda ambao sikuupenda. Kisha akapanda, akayumba, akasimama.

"Amesimama," Mushumbusi akasema.

"Nina macho," baba yake akamjibu, akachukua kofia. "Shemeji, nitapita tena Pasaka."

"Karibu. Utanikuta."

Walipopotea kwenye migomba alianguka juu ya kigoda, kikagonga sakafu kwa jinsi alivyotetemeka.

"Umemshinda," nikamwambia.

"Leo. Pasaka nitakuwa mzee zaidi." Akafuta jasho kwa khanga. "Funga huo mlango, Renatha."

Nikaufunga. Akakunja mikono kifuani, akaanza kuinuka.