Ndoa Ambayo Komine Haikuijua

Maman Godelive ndiye aliyeileta habari kwenye robine, bomba la maji la mtaa. Alikuwa ameinama juu ya bidoni yake ya njano, maji yanatoka kidogo kidogo kama kawaida ya asubuhi, akasema bila kuinua kichwa:

“Papa Grégoire bamemufukuza kule Sauzi.”

“Nani alikuambia?” akauliza Agnès, muuza makaa.

“Ni lazima mutu aniambie? Sina macho? Mutu akitoka Sauzi anarudi na valizi tatu. Ule amerudi na kamoja, na bibi haiko. Bamemufukuza, bibi akasema mi nabakia.”

“Bakubwa betu bote beko kule Sauzi banaongea amani, banalala mu hoteli,” akasema Agnès. “Kumbe muzee ameona amani inakaribia, akakimbia.”

Wanawake wakacheka. Eulalie hakucheka. Alikuwa wa nne kwenye mstari, Larissa amelala mgongoni, mate ya mtoto yamelowanisha kitenge begani. Yeye ndiye anayepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Papa Grégoire, kwa hiyo wenzake walimtazama wakingoja aongeze neno. Aliisukuma bidoni yake mbele kwa mguu. Alijua tu kwamba muzee alifika juzi kwa miguu kutoka mpaka wa Ruzizi, viatu vimejaa vumbi, yeye ambaye hakutoka hata nje ya lango bila kuvipaka rangi. Na alijua kwamba tangu afike analala sebuleni kwenye kiti.

Mtaa mzima, pale kwenye mteremko wa Ibanda, ulimjua Papa Grégoire kwa viatu na kwa sauti. Sauti ilikuwa ya juu kwa sababu masikio yalikuwa yamechoka. Miaka thelathini na moja alitunza mashine za kukausha chai katika kiwanda cha kampuni ya Wabelgiji, huko nje ya mji, na mashine zile zilimla masikio kidogo kidogo kama panya anavyokula sabuni. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na pansio, malipo ya uzeeni, inayotoka Bruseli. Vita ya kwanza ikaja, mashamba yakawa vichaka, mashine zikabebwa chuma kwa chuma, lakini pansio haikukatika. Kila mwaka alipeleka karatasi ya kuonyesha kwamba yu hai. “Wabelgiji,” alikuwa akisema, “banapenda sana kujua kama ningali napumua.”

Mke wake, Maman Constance, alitoka Mumosho. Eulalie naye ni wa Mumosho, kilima kilekile, ingawa sasa hana mzazi kule. Mama yake alizikwa mwaka wa vita ya kwanza. Ndiyo sababu alipewa vile vyumba viwili wakati Chrispin, mume wake, alipokwenda kuchimba dhahabu Kamituga. Chrispin aliondoka mimba ikiwa na miezi minne. Njia ikafungwa na vita. Barua moja tu ilifika, imekunjwa ndani ya pakiti ya sigara, na Eulalie aliisoma mpaka mikunjo ikachanika. Maman Constance akawa anamletea ndizi za kupika na kumwita “mwana wa kwetu.” Larissa alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza.

Kisha siku moja Maman Constance alianguka uani. Mdomo ulipinda, mkono wa kuume ukafa. Eulalie alipiga kelele, akamshika kichwa, akapiga kelele tena. Papa Grégoire alikuwa sebuleni anapaka viatu rangi, hakusikia. Alitoka baadaye kumwaga maji, akawakuta hapo chini. Hajawahi kulisema jambo hilo, lakini Eulalie aliuona uso wake siku ile, na mtu akiona uso wa namna ile haulizi.

Madeleine, binti yao, ni muuguzi Pretoria. Akawachukua wote wawili kwa viza ya matembezi. Wakaenda, na Eulalie akabaki akifagia ua wa watu wasiokuwapo.

Jioni ya siku ile ya robine, jua likiwa bado juu ya ziwa, Eulalie alimpelekea muzee chakula, foufou na sombe. Akamkuta ametandaza karatasi mezani.

“Maman Larissa, kuja. Miwani yangu imevunjika ku mpaka. Soma hii, ni maandiko ya Madeleine.”

Eulalie alikaa, akamhamishia mtoto pajani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza kama walivyofundishwa primeri. Mistari ilikuwa minne. Barua ya pansio. Cheti cha kuwa hai. Cheti cha mwenendo mwema. Cheti cha ndoa.

“Zote hizi ni za nini, Papa?”

“Kule banatuita turisti,” akasema muzee. “Mi na mama yako. Turisti ni mutu anabeba kamera, anapiga nyani picha. Constance analala mu kitanda na mukono moja, banamuandika turisti.”

Eulalie akacheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu muzee hakuwa anacheka.

“Miezi tatu, bakaongeza tatu. Madeleine akarudi tena ku biro ya viza. Mama wa kule akamuambia, hapana, turisti hakai vile. Lakini kama baba yako iko na pansio ya maisha, aombe viza ya retreti, ile ya bazee bastaafu. Bibi yake ataingia mu faili yake. Lazima tu karatasi zitoke kwenu. Ni zile nimerudi kutafuta.”

“Na kama hazitoki?”

“Tarehe makumi tatu ya mwezi huu, viza inaisha. Yangu na yake. Bamurudishe hapa.” Akatazama mlango uliofungwa wa chumba cha kulala. “Ameanza kusimama, unajua? Iko mwanamuke anamufundisha kila siku, na mupira mu mukono. Hapa nani atamufundisha? Hapa hata dawa ya presha tunangojea ndege.”

Ilikuwa tarehe mbili.

Mbele ya mistari mitatu ya kwanza, muzee alikuwa ameshatia alama ya penseli. Kando ya ule wa nne aliweka karatasi ya zamani yenye muhuri wa parokia, rangi yake kama chai ya maziwa. Eulalie aliona kwamba Madeleine alikuwa ameandika kitu pembeni, akakipigia mstari mara mbili. Akasoma: ya Serikali, hapana ya Kanisa.

“Hii ni ya padri, Papa.”

“Najua,” akasema muzee. “Kesho unisindikize komine. Mi sitasikia vile banasema.”

Komine, ofisi ya Serikali ya mtaa, ilikuwa na foleni mpaka nje. Ndani, ukutani, palikuwa na msumari usiokuwa na picha. Marais wamepita, msumari umebaki. Mwandishi wa vitabu vya ndoa aliitwa Monsieur Apollinaire, mtu mwembamba mwenye kola iliyogeuzwa upande wa pili ili isionyeshe kuchakaa. Alimsikiliza muzee kwa heshima, akaleta kitabu cha 1959, akakipuliza vumbi, akatafuta. Akaleta cha 1960. Akakifunga taratibu.

“Papa, hauko.”

Eulalie akarudia sikioni.

“Umuambie atafute Constance.”

“Na Constance haiko,” akasema mwandishi.

“Nilitoa ngombe sita,” akasema Papa Grégoire. “Mbili zilikuwa na mimba. Aulize Mumosho yote.”

“Ngombe habaandikake hapa, Papa.” Mwandishi aliinamisha kichwa, kana kwamba ni yeye aliyekosa. “Padri aliandika mu kitabu yake, hakuleta hapa. Kwa Serikali, uko selibateri.”

Neno lile Eulalie alilazimika kulirudia mara mbili, na mara ya pili kwa sauti. Foleni nzima ikasikia msichana akimwambia mzee wa miaka sabini na moja kwamba hana mke. Kijana mmoja mlangoni akasema, “Papa, uko na bahati, tafuta bengine.” Watu wakacheka. Papa Grégoire hakusikia, akadhani wanamsalimia, akawaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililomuuma Eulalie kuliko kicheko.

Wala haukuwa uzembe. Mwaka ule kampuni ya chai ilimwandika Constance katika kitabu chake, ikampa blanketi, ikampa posho ya chumvi na samaki kavu kama mke wa mfanyakazi. Padri alimwandika katika chake. Ng'ombe walipita njiani mchana, kilima kizima kikiwaona. Nani angekwenda kumwambia Serikali jambo ambalo hata mbwa wa Mumosho walilijua?

Monsieur Apollinaire aliomba foleni ingoje. Akaeleza polepole, akimtazama Eulalie ili apate kurudia. Ndoa inaweza kuandikwa hata leo. Wote wawili wanatakiwa wafike mbele ya bugumesta, mkuu wa komine. Kama mmoja hawezi, alete barua aliyotia kidole mbele ya notari, mwanasheria wa kule aliko, na mtu wa kwao, wa damu yake au wa kilima chake, mwanamke, akae mahali pake, ajibu kwa niaba yake, atie kidole kitabuni. Kabla ya hapo tangazo la ndoa litabandikwa mlangoni siku kumi na tano, watu walisome, mwenye kupinga apinge.

“Majina yataandikwa yote?” akauliza Eulalie.

“Yote tatu. Bwana, bibi, na ule atakaa pa nafasi ya bibi.”

Barua ya Maman Constance ilifika siku ya tano, kwa faksi ya masista. Chini yake palikuwa na kidole gumba cha kushoto, kikubwa, kimesambaa wino. Sehemu ya jina la mwakilishi ilikuwa wazi. Papa Grégoire aliikunja ndani ya koti, akavaa viatu vilivyong'aa, akaondoka kwenda Mumosho kumtafuta binti wa kaka yake Constance.

Alirudi kabla ya saa sita. Eulalie alimwona akishuka mteremko akishika ukuta kwa mkono, mara kwa mara, kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Alikaa kwenye ngazi.

“Banapigana,” akasema. “Askari ba bariere ya njia bananirudisha.”

“Umepata mutu wa kule?”

“Banakuja na magodoro ku kichwa, ba Mumosho. Nimeuliza. Nyumba ya shemeji iko wazi, mulango banaubeba. Hakuna anajua balishika njia gani.” Akafungua koti, akaangalia kama barua ipo. “Mutoto moja tu alikuwa amebakia kwabo Constance. Sasa nitamutafuta mu pori gani?”

Eulalie alimletea maji. Aliitazama mikono yake ikishika kikombe, mikono ya fundi wa mashine, vidole vimekunjamana kwenye viungo. Alikwenda kuchambua maharage, akachambua mpaka akagundua kwamba anatupa mazuri na kubakiza mabovu.

Jumapili baada ya misa alikuja Steve, kaka mkubwa wa Chrispin. Alikuja kila Jumapili. Alimshika mtoto, akauliza kama kuna habari za Kamituga, na kila mara, kabla ya kukaa, macho yake yalipita chini kando ya mlango, kutazama kama kuna viatu vya mwanamume. Si mtu mbaya. Lakini alishasema, siku Chrispin anaondoka: “Mutoto ni wa kwetu. Ukienda kwa mutu, unaenda peke yako.” Eulalie alimpa viazi vitamu na chai. Mtu kama yule akisoma tangazo, aliwaza, hasomi mpaka mwisho. Anasoma majina anayoyajua, na neno ndoa.

Steve alipoondoka, Eulalie aliweka maji ya vuguvugu ndani ya beseni, akaanza kumwogesha Larissa. Papa Grégoire akaja mlangoni. Hakukaa, ingawa alimsogezea kigoda. Kofia ilikuwa mkononi.

“Monsieur Apollinaire anabandika kesho asubuhi,” akasema. “Ikipita kesho, siku kumi na tano haitatosha. Ndege yangu ya kurudi kule, ile ya Kigali, ni tarehe makumi mbili na saba.”

Eulalie aliendelea kumwagia mtoto maji begani. Alikuwa ameshajua tangu siku ile ya ngazi. Alikuwa ameombea mtu mwingine atokee.

“Nimefikiri batu bote,” akasema muzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa chini, hata Eulalie akalazimika kuacha maji ili asikie. “Ba kilima ya Constance mu muji, nimebakia na weye. Najua bwana yako haiko. Najua Steve. Nitaenda kwake mi mwenyewe leo, kabla jina yako ibandikwe, nimuonyeshe barua na kidole ya Constance. Akikataa, nitarudi kukuambia kama amekataa, sitakuficha. Na ukikataa weye, mi sitakasirika. Nyumba ni yako vile vile. Utabakia humu.”

Larissa alipiga maji kwa viganja vyake, akacheka peke yake.

“Aliniita mwana wa kwetu,” akasema Eulalie taratibu, si kama jibu.

“Ni juu ya ile nimekuja.” Muzee aligeuza kofia, akaigeuza tena. “Ni siku moja, mwanangu. Ukae mu kiti yake, pembeni yangu. Bugumesta atauliza kama unamukubali Grégoire. Naomba useme ndiyo, kwa jina yake.”