Kope za Fundi Cherehani

Fundi cherehani niliyepakana naye duka alirudi kazini siku ya kumi baada ya kupasuliwa kope, ambazo zilikuwa zimemlegea hadi kumfunika nusu ya macho. Kila alipomaliza pindo moja alivua miwani ya jua, akachukua kioo cha wateja na kuukagua mshono kama kazi ya fundi mwenzake. "Daktari kauficha kwenye mkunjo," aliniambia, akilisugua kovu taratibu kwa kidole cha mwisho. "Huyu anajua kushona!" Wiki ya tatu uvimbe ulishuka, lakini kovu bado lilikuwa gumu kama uzi, na jicho la kushoto lilichelewa kufumba. Mteja akiingia, aliinamisha uso.

Ndipo mama yake akaja kumtazama, naye kope zimemlalia vilevile, maana binti alizirithi kwake. Alimshika kidevu, akamwangalia kwa muda mrefu. Fundi aliacha kushona.

"Nimekukosea, mama?"

"Hata kidogo, mwanangu. Siku uliyozaliwa uliniangalia kwa macho wazi hivi hivi."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitambaa, asiguse kovu.