Debe la Bibi Huko Michenzani

Shangazi alinipigia simu masika yalipoanza. Anapaka rangi fleti yetu ya Michenzani, nikachukue debe la marehemu bibi, la sivyo atalitupa. Nikazipanda ngazi zile zile, na harufu ya nazi kutoka jikoni kwa watu ikanirudisha utotoni kabla sijapiga hodi.

Zamani, rafiki yangu, roshani zote zilinukia mrehani na asumini. Ya bibi ilikuwa na hayo, na debe moja la samli lenye mmea ambao hakuna aliyeujua jina. Ami yangu, kitinda mimba wake, alileta mbegu kutoka Botswana alikokuwa akifanya kazi. Akarudi huko, akafia huko, akazikwa huko huko. Bibi hakuliona kaburi lake. Alibakiwa na debe tu.

Mmea wenyewe ulikuwa na vituko. Majani yamepasuka katikati kama kwato za mbuzi, shina limevimba chini, nusu limezama udongoni. Jirani alishikilia kuwa ni kiazi kikuu. Mwalimu wangu, nilipompelekea jani na mbegu, alisema ni jamii ya kunde, unaweka akiba ya maji humo kwenye uvimbe. Siku ulipotoa maua ya manjano, bibi aliyanusa, akaona hayafai kutia kwenye kikuba cha kujipambia, akacheka.

Kiangazi ulinyauka wote, na jirani alilitolea macho lile debe.

"Bi Mkubwa, mti ushakufa huu. Nipe debe nipande mrehani."

"Haujafa, umelala," bibi alijibu, huku akipepeta mchele wake.

Lakini nilimwona akikibonyeza kile kiazi kwa kidole gumba, akiogopa kimeoza. Mvua zikianza, sisi watoto tulikuwa hatutoki roshani. Aliyeona chipukizi kwanza aliita, "Bibi, mti umeamka!" Naye akaitika "Naam" kutoka jikoni, akaja na mikono ya unga, machozi yakimlengalenga.

Sasa roshani zimejaa madishi ya televisheni, na mrehani hununuliwa Darajani.

"Kishakufa hicho kiazi, mwanangu," shangazi alisema, akaniacha roshani na debe, akarudi chumbani kupaka rangi.

Nikakibonyeza. Kigumu. Na ubavuni, ncha ndogo nyekundu.

"Bibi, mti umeamka!"

Lilinitoka tu. Brashi ikanyamaza ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Naam," shangazi akaitika, akaja mbio na mikono ya rangi.