Candida na Mume Aliyetangaza Vita

Miaka ile ya hamsini, ukiingia Mtaa wa Swahili pale Kariakoo asubuhi, ulikisikia kicheko cha Candida kabla hujanusa vitumbua vyake. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mwanamke wa kimo kifupi na sauti ndefu. Mumewe, Vitalis, alikuwa mlipuaji wa mawe kwenye machimbo nje ya mji.

"Bwana huyu anapasua mwamba," Candida aliwaambia wateja, "lakini yai la kuchemsha linamshinda kumenya."

Vitalis alitabasamu tu, akaendelea kumpulizia mkaa.

Mwaka 1954, baada ya masika, Vitalis aliacha kulala. Alisema filimbi ya treni inamwita kwa jina. Baadaye akasema reli yote, kutoka Gerezani, hapo jirani na Kariakoo, mpaka Kigoma, ni urithi wake, na Malkia wa Uingereza ameikalia bila idhini. Candida akampeleka kwa padri, akampeleka na kwa mganga. Filimbi haikunyamaza.

Asubuhi moja mlipuko ukatikisa Gerezani. Behewa tupu, lililokuwa limeachwa peke yake, lilikuwa limepasuka vipande. Hakuna aliyeumia. Askari walipofika walimkuta Vitalis amesimama kando, kavaa suti yake ya harusi, akawaamuru wampigie saluti.

Serikali haikucheka. Kwa majirani Kenya vita vya msituni vilikuwa vimepamba moto, na wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wakishtuka hata kwa fataki. Vitalis akashitakiwa kwa kufanya vita dhidi ya Malkia. Adhabu yake kitanzi.

Jivraj, wakili kijana aliyepewa kazi ya kumtetea, alimfuata Candida jikoni.

"Mama, njia ni moja. Mahakama iamini kwamba alikuwa mgonjwa wa akili. Daktari atasema yake, lakini wewe ndiye uliyeishi naye."

Mtaa ukagawanyika. Shomari, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akaja na hasira zake.

"Dada Candida, usimwite mumeo mwendawazimu mbele ya Wazungu! Mwache afe shujaa."

"Shujaa nitamlaza wapi, kaka Shomari? Mimi namtaka Vitalis."

Siku ya ushahidi mahakama ilifurika. Candida alisimama na khanga yake mpya. Akaeleza kila kitu: usingizi ulivyokimbia, filimbi, chakula kilichorudi bila kuguswa. Mwendesha mashitaka akamuuliza, kupitia kwa mkalimani, mtu aliyeweza kutega baruti na kuwasha utambi bila kujiumiza atakuwaje hana akili.

"Bwana, ile ni kazi ya mikono yake tangu ujana," alijibu. "Mikono haikuugua. Aliyeugua ni mwenyewe."

Vitalis akaruka kizimbani. "Mimi si mgonjwa! Mkalimani, mwambie jaji kesho natawazwa, na yeye nimemwalika!"

Watu wakaangua kicheko. Candida peke yake hakucheka. Vitalis akamtazama, uso ukamlegea kama zamani.

"Candida, mbona hucheki? Nimekosea nini?"

Hapo akacheka, maskini, akacheka huku machozi yakimlowesha khanga. Mzee Nassibu, mmoja wa wazee wa baraza waliokaa kumshauri jaji, alivua kofia akajipangusa macho.

Hukumu ikatoka: tendo alilitenda, lakini alipolitenda hakuwa na akili timamu. Hanyongwi. Apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma, mpaka hapo serikali itakapoamua. Candida alipiga kigelegele ndani ya mahakama, askari akamtoa nje, akamalizia barabarani.

Kila alipoweza alipanda treni kwenda Dodoma na kikapu cha vitumbua. Safari za mwanzo Vitalis alimpokea kama balozi wa nchi ya kigeni. Kisha dawa na usingizi vikaanza kumrudisha. Ikafika siku akala kitumbua, akakunja uso.

"Hiki hakina iliki ya kutosha."

Candida alirudi Dar es Salaam akiimba njia nzima, mpaka abiria wakamwomba apumzike.

Mwaka 1958 wakamruhusu kurudi nyumbani. Mtaa mzima ulikwenda stesheni. Sabaha, mwenye nyumba waliyopanga, alikuja na wenzake wa ngoma ya lelemama wamevaa sare; Shomari alikuja na suruali mpya aliyomshonea kwa kukisia kiuno. Vitalis akashuka, mwembamba, mwenye haya. Akaivaa suruali ya Shomari juu ya ile aliyokuja nayo, ikamwanguka palepale, na ngoma ikalia huku ameishika kwa mikono miwili, akicheza.

Hakurudi machimbo. Alisaga mchele, alikoroga unga, na aliyemuuliza alijibiwa bila kufichwa: "Niliugua, nikatibiwa." Kwa hiyo watu wenye wagonjwa wa namna hiyo walianza kuja kuomba ushauri. Siku moja Angelina, muuza mchicha, alifika analia: mwanawe hajalala tangu wiki iliyopita na anazungumza na ukuta. Candida aliepua karai, akamkabidhi mumewe mwiko, akajifunga khanga.

"Usilie, mwenzangu. Amekula leo? Haya, twende tukamwone."