Filamu Niliyokataa Kuambiwa Mwisho Wake

Cheka ukitaka. Wengi wameshanicheka, na bado nasema jambo hili lilitokea, tena mchana, jua likiwaka, mbele ya watu wawili wenye akili zao timamu. Mimi si mtu wa kuota ovyo. Nashona sare za shule hapa mtaani Tassia, na fundi anayeota ovyo hujidunga sindano.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napitia kwa Odhis. Odhis anauza muvi: unampelekea flashi, anakujazia. Zile za Kikorea amezipanga kwenye kompyuta kwa akili yake mwenyewe. Fungu moja linaitwa Visasi, jingine Mvua na Mapenzi, jingine Beba Leso. Mwenzetu wa tatu ni Halima, anayeuza vitunguu kwa jumla kule soko la Muthurwa. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la Odhis tukibishana nani aone nini. Mimi napenda zile za polepole, mtu anakula tambi kimya dakika tano na wewe unajua moyo wake umevunjika. Halima anaziita filamu za kungoja maji yachemke.

"Fundi, wewe unapenda kuteseka," ananiambia. "Mimi nipe ya visasi. Kama hakuna mtu anafukuzwa, mimi nalala."

Tulitofautiana kabisa kwa jambo moja. Mimi sitaki kuambiwa mwisho. Nikisikia mtu ameanza "halafu kumbe yule baba", naziba masikio na kuimba pambio. Halima naye hawezi kuanza filamu kabla hajauliza, "Anakufa?" Anasema hawezi kumpenda mtu saa mbili nzima kisha azikwe bila taarifa. Odhis ilimbidi ajue miisho yote, maana wateja wakilizwa humrudia yeye.

Jumapili hiyo stima ilikuwa imepotea. Kompyuta imezima, mlango wazi, sisi tunapiga domo tu. Akaingia shosho mmoja amevaa koti zito la sufu, refu mpaka karibu na vifundo vya miguu, na joto lile! Nilimwangalia miguu kwanza. Kwani wewe hungeangalia? Hazikuwa kwato za jini; ilikuwa miguu ya kawaida, ndani ya ndara za buluu. Mabegani alikuwa na kitu cheupe, nikadhani ni unga wa posho. Alipoketi kando yangu kile cheupe kikayeyuka, na maji yakanidondokea mkononi. Yalikuwa baridi sana.

"Hamjambo, wajukuu?"

"Hatujambo, shosho. Karibu, lakini stima hakuna," Odhis akasema.

"Sikuleta flashi. Nimekuja kuwaambia moja ya Kikorea ambayo hamjaiona."

Tulicheka. Odhis asiwe ameiona? Lakini shosho akaanza kusimulia, na haki ya Mungu, sijawahi kusikia mtu akisimulia filamu vile. Hakusema "halafu, halafu". Alisema mlango ulivyolia, na mvuke wa supu ulivyopanda.

Kulikuwa na msichana anayefanya kazi ya kushona mjini, mbali na kwao. Mamake akafa. Kabla mwaka haujaisha, babake akaoa mke mwingine. Msichana akaja nyumbani, baba akamwandalia wali na supu ya kuku, akamwekea paja lote. Msichana akasukuma bakuli, akainuka, akaenda kupanda treni bila kuaga. Ndani ya mkoba wake alikuwa ameficha mikasi ya marehemu mamake, aliyoiiba chini ya godoro.

Hapo nywele zilinisimama. Mimi natoka Butere. Mama yangu alikuwa fundi, na baba alioa mapema hivyo hivyo. Niliisukuma sahani ya kuku mbele ya wageni, na kwetu hilo si jambo dogo. Ilikuwa imepita miaka mitatu sijaongea naye. Na kuhusu mikasi, hakuna mtu niliyewahi kumwambia, hata mume wangu anadhani niliinunua.

Utaniuliza, sasa mbona hukushtuka? Nilishtuka! Lakini si ndivyo filamu nzuri inavyofanya? Inakugusa mahali penyewe mpaka unadhani mtu amekuchungulia dirishani. Nikajiambia, hii lazima niitafute niione peke yangu.

Shosho akaendelea. Miaka ikapita, siku moja msichana akapanda treni kurudi. Akashuka stesheni, akaona babake amesimama upande wa pili wa reli, amevaa shati jeupe, na...

"Hapo hapo, shosho!" nikapiga kelele. "Usiniambie mwisho, tafadhali!"

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa ya huruma, kama ya daktari. "Una hakika, mami?"

"Kabisa. Nipe jina tu, nitaitafuta."

Hakunipa jina. Alinyamaza. Nilimwona kwa macho yangu amefunga mdomo, lakini Halima na Odhis waliendelea kumtazama na kutikisa vichwa, kama watu wanaosikiliza. Mwishowe Halima akauliza kwa sauti ndogo, "Anakufa?" Shosho akakubali kwa kichwa, akainuka, akajifunga koti, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

"Huyo baba ananiumiza roho," nikasema.

"Baba gani?" Halima akauliza. "Si ni dada wawili waliogombania nyumba? Mdogo anaficha maumivu ya kifua?"

Odhis akatukodolea macho. "Wee, mnaongea nini? Hiyo ni ya jamaa wa kuuza miavuli, duka linaungua kwa sababu ya waya."

Tulibishana mpaka majirani wakachungulia. Benchi moja, shosho mmoja, filamu tatu. Odhis akavuta meza ya kompyuta, akakuta waya wa nyuma umeyeyuka, umeshikana na zulia. Stima ingerudi hapo, sijui ingekuwaje. Halima akainuka. Alienda Eastleigh jioni hiyo hiyo kwa mdogo wake, ambaye walikuwa hawasemezani, akamkokota hospitali. Daktari alisema wamefika wakati bado kuna kitu cha kufanya. Huyo dada yuko hai leo, na nyumba wanakaa wote.

Mimi nilienda Butere wiki hiyo. Niliposhuka kwenye gari, baba alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa amevaa shati jeupe. Nilishindwa kuvuka, akavuka yeye. Nilikula kuku wake, nikalia, nikaomba msamaha, naye akanicheka kuwa nimenenepa. Yote yalikuwa mazuri. Lakini wenzangu waliambiwa kitakachofuata wakaweza kukizuia, na mimi sijui kama baada ya shati jeupe kulikuwa na miaka ishirini au wiki mbili. Sijui kama kuna ugonjwa anaouficha. Nimempeleka akapimwa mara mbili, hakuna kilichoonekana, na bado naogopa. Filamu yenyewe nimeitafuta kila mahali, na Odhis ameuliza wenzake wote wa biashara. Haiko.

Kwa hivyo wewe, siku mtu usiyemjua atakapokaa kando yako aanze kukusimulia filamu ambayo hakuna aliyeiona, na ukasikia inakujua, achana na ustaarabu wetu wa muvi, huu wa kukataa kuambiwa mwisho. Funga mdomo. Mwache amalize, hata kama mwisho wenyewe utakuuma.

Mimi sasa nampigia baba kila jioni. Ananiuliza, "Kuna nini leo?" namwambia hakuna. Basi ananisimulia ng'ombe wake, mvua, jirani aliyesogeza ua, hadithi zile zile za jana, na mimi nazima cherehani nisikilize, simkatizi.