Magurudumu Manne ya Mpira

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliniibia. Nimeanza hivyo makusudi, kwa sababu ukoo mzima hadi leo unalikataa neno hilo. Wao wanasema alinitania. Kwetu Unyamwezini mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Anaweza kuingia kwenu akabeba kitoweo jikoni, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukinuna, mwenye aibu ni wewe.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, Tabora mjini. Shuleni tuliambiwa kila mwanafunzi atengeneze kitu kwa mikono yake cha kuonyesha siku ya Saba Saba, maana taifa lilikuwa linajitegemea. Wasichana wenzangu wakasuka mikeka. Mimi nikatengeneza ubao wa magurudumu, wa kusimama juu yake na kuteleza. Baba alikuwa fundi baiskeli, na kibandani kwake sikukosa misumari wala ushauri.

Shida ilikuwa magurudumu. Ya mninga, niliyoyachonga mwenyewe, yalilika upande mmoja yakaanza kudunda. Beringi chakavu zilikimbia vizuri, ila kwenye sakafu ya ghala la ushirika zilipiga kelele za kutia meno ganzi, na kila nilipokata kona ziliteleza, nikaishia kuchubuka magoti. Kisha mke wa mwenye duka, Mwarabu jirani yetu, akampa baba kiatu cha magurudumu cha mwanawe. Cha pili kilikuwa kimepotea. Kiatu kimoja, magurudumu manne ya mpira mgumu. Baba aliyabonyeza moja moja kwa ukucha.

"Haya yatashika saruji, mwanangu," akasema.

Tukayafunga kwenye ubao, mimi na baba, jioni baada ya jioni, kaza, legeza, tia grisi, mpaka ubao ukawa unageuka kwa kuegemea tu. Nikajifunza mchezo mmoja ambao hakuna aliyenifundisha: nakanyaga mkia, mbele kunainuka, nazunguka mzima juu ya magurudumu mawili ya nyuma, natua bila kuweka mguu chini. Niliuficha. Aliyeuona ni binamu peke yake, kwa kuwa nilimwamini.

Asubuhi ya Saba Saba nikakuta ubao wangu umelala kifudifudi, hauna hata gurudumu moja. Nilikimbia mpaka ghalani, kulikofanyika maonyesho. Binamu alikuwa pale, kwenye ubao aliouchonga kwa kuiga wangu, juu ya magurudumu yangu, akizunguka mzunguko wangu, na walimu wanampigia makofi.

"Mwizi!" nikapiga kelele.

Watu wakageuka. Yeye akanikonyeza. "Karibu, mtani wangu!" Umati mzima ukaangua kicheko.

Nikamtafuta baba kwa macho. Naye alikuwa anacheka.

"Nilimwona alfajiri akihangaika kuyafungua," aliniambia. "Nikampa spana. Kwa mtani hatukasiriki, mwanangu."

Spana ile ile tuliyofungia. Binamu nilimchukia, lakini baba ndiye aliyenivunja moyo. Nilimpikia na kumwamkia shikamoo miaka yote iliyombakia, ila kibandani kwake sikukanyaga tena, na hakuwahi kuniuliza kwa nini. Magurudumu hayakurudi. Nilipoyadai, shangazi akasema nina kinyongo cha kizee.

Mwaka jana binamu alifariki kijijini kwake, upande wa Isikizya. Mtani ana haki zake msibani, nami nilizitumia. Jeneza lilipotaka kutoka, niliketi kizingitini, miguu nimeinyoosha, nikasema hatoki mtu hapa.

"Mtani kaja!" wakashangilia, na waliokuwa wanalia wakapangusa macho. Wakanipa kuku, nikakataa. Wakanipa kanga, nikakataa.

"Nataka magurudumu yangu manne."

Wakacheka mpaka mjane akashika mbavu. Kisha nikainuka, nikawapisha. Mtu pekee ambaye angejua kwamba sitanii alikuwa ndani ya jeneza.